Injini ya Gari la Spoti Ikianza Kugonga, Usikimbilie Kuhama Sheli

Wenye Altezza, Impreza WRX na Mark X hapa Tanga huuliza swali lilelile: gari limeanza kutoa mlio usioeleweka tangu lijazwe mafuta sheli fulani, je, nihame? Jibu letu ni kwamba jina lililoandikwa juu ya pampu ndilo la mwisho kushukiwa. Petroli inaweza kuleta milio michache tu, na hiyo michache ina tabia zake zinazojulikana. Mingine yote ni ya vyuma, oili na mikanda, na muda unaoupoteza ukizunguka sheli moja baada ya nyingine ndio muda ambao beringi inaendelea kulika.

Petroli inayouzwa nchini huingia kwa mfumo wa uagizaji wa pamoja. Meli moja hubeba shehena ya kampuni nyingi na kuishusha katika bandari ya Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, na ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi hutaja bei kwa kila bandari. Petroli ya Puma, Oryx, TotalEnergies au Lake Oil uliyoikuta njiani kwenda Muheza inaweza kuwa imeshuka kutoka meli ileile. Tofauti huanza baada ya hapo: viongezi ambavyo baadhi ya kampuni huweka, hali ya tangi lililofukiwa chini ya kituo, na jinsi mafuta yanavyouzika haraka au kukaa. Hayo mawili ya mwisho ni ya kituo chenyewe, si ya kampuni. Sheli mbili zenye nembo moja zinaweza kutofautiana kuliko sheli mbili zenye nembo tofauti.

Viongezi vina maana, tusivipuuze. Marekani tangu 2004 kuna kiwango kinachoitwa Top Tier, kilichoanzishwa na watengenezaji wa magari wakiwemo BMW na Toyota, kinachodai petroli iwe na kiasi kikubwa zaidi cha sabuni ya kusafisha nozeli na valvu. Lakini kazi ya sabuni hiyo huonekana baada ya maelfu ya kilomita. Mlio uliozuka juzi hauwezi kuwa umeletwa na tanki moja lisilo na sabuni. Na kwa injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama 4GR-FSE ya Mark X, petroli haigusi kabisa mgongo wa valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo hata sabuni bora kiasi gani haitaondoa masizi yaliyoganda pale. Hayo huondolewa kwa mkono, au kwa kupulizia maganda ya walnut yaliyosagwa, manifoldi ikiwa imefunguliwa.

Sasa tuje kwenye mlio ambao kweli ni wa petroli. Plagi inapowasha mchanganyiko, moto unatakiwa usambae kwa mpangilio mpaka ukingoni mwa silinda. Oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili kulipuka yenyewe, ikiwa ndogo kuliko mahitaji ya injini, mchanganyiko uliobaki pembeni hulipuka wenyewe kabla moto haujaufikia, na mshindo wake hupiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni. Masikioni husikika kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Husikika injini ikiwa ya moto, gia ikiwa kubwa, mizunguko ikiwa kati ya 1,500 na 3,500 hivi, na mguu ukiwa umekanyaga mafuta kwa nguvu. Ukiachia mguu, unakatika papo hapo. Gari likiwa limesimama, hata ukilipandisha mizunguko, kwa kawaida husikii kitu, kwa sababu injini haina mzigo.

Hapa pwani mlio huo hupata nafasi kuliko bara. Tanga iko usawa wa bahari, hewa ni nzito, silinda hujaa vizuri na mgandamizo huwa mkubwa. Juu yake kuna joto la mchana. Altezza iliyokuwa tulivu Arusha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, inaweza kuanza kugonga ikiletwa hapa bila kitu chochote kuharibika, na mwenye gari akalaumu petroli ya Tanga. Unyevu wa hewa yetu hupunguza tatizo kidogo, lakini haufuti athari ya joto. Gari la turbo halioni tofauti hiyo sana, kwa kuwa turbo hujazia hewa iliyopungua mlimani.

Kuna na hivi vibao vya 50. Dereva anapita kijijini kwa kilomita 50 kwa saa akiwa gia ya tano, anafika mwisho wa kibao, anakandamiza mafuta palepale bila kushusha gia. Hakuna namna bora zaidi ya kuigongesha injini yenye mgandamizo mkubwa. Shusha mpaka gia ya tatu kwanza. Kwa injini mpya za turbo zinazopuliza petroli ndani ya silinda, tabia hiyo ni ya hatari hasa: kukanyaga sana chini ya mizunguko 2,000 kunaweza kuleta mwako wa mapema wenye nguvu ya kuvunja pistoni kwa mara moja. Magari hayo yapewe oili yenye alama ya API SN PLUS au SP.

Kabla ya kusema lolote kuhusu petroli, jua gari lako linadai nini. Fungua kifuniko cha tangi usome. Magari yaliyotoka Japani yana maandishi ya Kijapani. Yapige picha uyatafsiri kwa simu. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya kawaida iwe na angalau oktani 89 na ya premium angalau 96, kwa kipimo cha RON. Mark X ya toleo la kwanza, GRX120, yenye injini ya lita 2.5 na mgandamizo wa 12:1, ilitengenezwa kwa premium. Vivyo hivyo Altezza RS200 ya gia za mkono yenye mgandamizo wa 11.5:1, na WRX zote za turbo. Ukikuta gari au kitabu cha Marekani, namba zake ni za kipimo kingine: 91 yao inakaribia RON 95 au 96, na 93 yao ni kama RON 98. Wengi hukosea hapo. Ukifika kituoni, uliza RON iliyopo, usiridhike na neno "super".

Petroli iliyochafuliwa ni suala jingine. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na kiasi kidogo tu kikichanganywa huigongesha injini ya spoti huku IST ya jirani ikiendelea bila kulalamika. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuua faida ya uchakachuaji, na mafuta huwekewa vinasaba vya kuyatambua. Mianya imepungua, haijaisha, na petroli ya madumu na chupa za barabarani haina ulinzi wowote. Maji nayo ni kero ya masika. Hayaleti mlio wa kokoto: gari hukohoa, hushtuka, hupiga mshindo kwenye ekzosi na kukosa nguvu. Usijaze wakati lori la mafuta linashusha kituoni au limetoka kuondoka muda huohuo, maana tope na maji ya chini ya tangi vinakuwa vimevurugika.

Ukishuku mafuta, chukua sampuli ya mililita 300 kwenye chupa safi ya kioo, mbali na moto na sigara, uiache itulie nusu saa. Maji yatakaa chini na mstari utauona wazi. Kisha dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka haraka bila kuacha kitu. Doa la mafuta lisilotoweka lina maana kuna mafuta ya taa, dizeli au oili. Kipimo hiki hakisemi oktani, na petroli inaweza kukifaulu ikawa bado haitoshi kwa gari lako.

Milio mingine haina uhusiano na sheli hata kidogo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaofuata mizunguko hata gari likiwa limesimama na unaozidi oili ikipata moto, ni wa beringi za konrodi, fimbo zinazoshika pistoni. Zima gari, ita gari la kuvuta. Ukiliendesha mpaka gereji litakuwa limenoki kabisa. Mlio mwepesi wa tiki-tiki juu ya injini unaweza kuwa tapeti, lakini sikiliza kwanza kwenye manifoldi ya ekzosi, maana gasketi iliyopasuka hulia vilevile wakati wa baridi kisha hupungua chuma kikitanuka. Mkwaruzo wa sekunde moja au mbili asubuhi wakati wa kuwasha, kwenye Toyota za V6, mara nyingi ni gia za VVT-i, mfumo unaobadili muda wa kufunguka kwa valvu. Subaru nyingi hugonga pistoni zikiwa za baridi na kunyamaza zikipata moto. Mlio usiouzoea huogopesha, lakini huo gari huishi nao miaka. Mlio wa kuzomea kutoka chini ya kiti cha nyuma ni pampu ya petroli inayohangaika, kwa sababu ya chujio lililoziba au mazoea ya kutembea na tangi tupu: petroli ndiyo inayoipoza pampu. Na tiki-tiki kali ya pampu ya msukumo mkubwa na nozeli za 4GR-FSE ni sauti yake ya kawaida.

Kutenganisha beringi na vingine, fundi achomoe plagi ya umeme ya nozeli moja moja injini ikiwa inanguruma. Silinda ambayo ikizimwa mlio wa kugonga hupungua waziwazi ndiyo yenye ugonjwa. Afadhali achomoe nozeli kuliko koili; koili ikichomolewa, petroli isiyoungua huenda kuunguza kichujio cha ekzosi.

Mlio ukibaki na dalili zote za petroli, bado kuna vitu vya kukagua kabla ya kulaumu kituo. Rejeta na kifuniko chake, na kama ndani kuna kulanti au maji ya bomba tu. Plagi: ziwe za daraja la joto lililoandikwa kwenye kitabu, mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8 kwa turbo, karibu 1.0 hadi 1.1 kwa nyingi zisizo na turbo. Nozeli iliyoziba hufanya silinda moja ikose petroli na kugonga peke yake. Kwenye mashine ya kupimia unaweza kukuta namba za hitilafu kama P0171 (petroli haitoshi kwa hewa iliyopo), au P0301 na wenzake (silinda inakosa kuwaka). P0325 ni ya sensa ya kusikia kugonga yenyewe, na ikifa, kompyuta haiwezi tena kurudisha nyuma muda wa kuwasha, yaani kuchelewesha cheche ya plagi, ili kuikinga injini. Kwenye Subaru, fundi aangalie thamani ya IAM, namba inayoonyesha kompyuta imeuwekea muda wa kuwasha imani kiasi gani: 1.0 kwa kompyuta za baadaye, 16 kwa za zamani, ndiyo afya. Ikiwa imeshuka, kompyuta imesikia kugonga kwa kweli hata kama wewe hukusikia.

Kisha jaribu petroli kwa utaratibu. Acha zibaki kama lita 10, ujaze lita 40 kwenye kituo chenye magari mengi, ili petroli mpya iwe asilimia 80. Tembea kilomita 80 mpaka 100, kompyuta ijifunze upya. Pima kwenye kipande kilekile cha mlima kati ya Muheza na Segera, gia ileile, saa za joto lilelile, vioo vimefunguliwa. Mlio ukiisha, usishangilie: rudi kwenye petroli ya kwanza uone kama unarejea. Usiporejea, petroli haikuwa chanzo. Kwa jaribio gumu zaidi nenda Mombo kupanda Lushoto, ila sikiliza kilomita za chini. Kule juu hewa nyepesi itauficha mlio.

Ikithibitika kwamba chanzo ni petroli, dawa za chupa zisikudanganye. Chupa inayotangaza kupandisha "pointi 5" humaanisha nusu ya oktani moja, 95 ikawa 95.5, na zile zenye manganizi huacha rangi ya kutu kwenye plagi. Kilicho na faida kwa nozeli chafu ni kisafishaji chenye PEA (aina ya sabuni ya nozeli), chupa moja kwa tangi, kimiminwe kabla ya kujaza. Gari lililoongezewa turbo au kubadilishiwa programu Japani kwa petroli ya oktani 100 lisiendeshwe kwa nguvu hapa mpaka programu yake iandikwe upya kwa petroli unayoipata kweli, msukumo wa turbo upunguzwe na muda wa kuwasha urudishwe nyuma.

Na ukikuta maji au doa kwenye sampuli, usiwashe gari tena. Tangi limwagwe lote, mabomba yasafishwe, chujio libadilishwe. Funga sampuli kwenye chupa ya kioo, andika tarehe, saa na namba ya pampu, ambatanisha risiti ya EFD, upeleke malalamiko EWURA. Bila risiti huna ushahidi wa kituo ulichojazia, kwa hiyo idai kila unapojaza, hata ukiweka lita tano tu.