Unaanza kazi ya kulinda mawasiliano? Anza na simu yenyewe

Wengi wanaoanza kazi hii humuwazia mdukuzi aliyejibanza njiani ananasa ujumbe unapopita. Huko njiani kumeshashughulikiwa sana. Tangu 2016 WhatsApp husimba ujumbe mwanzo hadi mwisho (unafunguka kwenye simu za wanaowasiliana tu) kwa itifaki ya Signal, yaani kanuni za usimbaji, na anayeunasa katikati anaambulia herufi zisizosomeka. Siri huvujia kwenye simu ya mtumaji au ya mpokeaji.

Kwa hiyo mtu akikupa simu yake uikague, fungua kwanza orodha ya vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp yake. Usishangae kukuta humo kompyuta ya kazini alikoacha kazi zamani, bado inapokea kila anachoandika. Hakuna aliyevunja usimbaji hapo.

Halafu tazama nakala rudufu (backup). Ujumbe uliosafiri umesimbwa unaweza kulala kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kusimbwa. WhatsApp ilileta uwezo wa kuzisimba nakala hizo 2021, lakini sharti mwenyewe auwashe. Na akiuwasha yeye peke yake, mazungumzo yaleyale bado yamo kwenye nakala ya mwenzake. Waambie wote wawili.

Kuhusu Telegram utabishiwa sana, nawe usikubali: mazungumzo ya kawaida kule hayasimbwi mwanzo hadi mwisho. Yanayosimbwa hivyo ni yale ya siri, ya watu wawili tu. Kundi halimo.

SMS ichukulie kama postikadi. Kampuni ya simu inaweza kuisoma, na mfumo wa SS7 unaounganisha mitandao ya simu ulibuniwa miaka ya 1970, kampuni zikiwa chache na zikiaminiana, kwa hiyo mjuzi anayeufikia anaweza kunasa SMS. Tapeli wala hahitaji ufundi huo. Akifaulu kuhamishia namba ya mtu kwenye laini yake, misimbo ya kuingilia kwenye akaunti, inayotumwa kwa SMS, inamfikia yeye. Wahamishie watu kwenye programu ya misimbo, inayotoa misimbo hiyo kwenye simu yenyewe, au ufunguo wa usalama, kifaa kidogo cha kuthibitisha anayeingia. Asiyeweza abaki na SMS, ni afadhali kuliko nenosiri peke yake.

Barua pepe zilizosimbwa kwa PGP, mfumo wa kusimba barua pepe, nazo zina mtego wake: kwa kawaida kichwa cha barua (mada) hakisimbwi, wala anwani za mtumaji na mpokeaji. Nimeona barua iliyosimbwa vizuri kabisa, na juu yake kichwa kinataja jambo lilelile lililokuwa linafichwa. Wafundishe watu kuandika kichwa kisichosema kitu: “Habari” inatosha.