Kabla hujalaumu udongo, ulizia printa

Picha ya kwanza niliyojaribu kuihamishia kwenye udongo wa polima, ule wa kutengenezea mapambo unaookwa kwenye oveni, ilikuwa ya bibi yangu, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake kule Mvumi, kanga begani. Nilitaka iwe kidani. Nikasukuma udongo mweupe ukawa bapa, nikalaza karatasi kifudifudi, nikapaka spiriti kwa pamba kama nilivyoona kwenye video, kisha nikaanza kulowesha karatasi ili itoke. Karatasi ilitoka. Bibi naye akatoka nayo. Kilichobaki kwenye udongo kilikuwa wingu la zambarau na kitu kama masharubu.

Nililaumu udongo. Nikalaumu spiriti. Pakiti tatu ziliishia hivyohivyo, na mwenye udongo huu anajua uchungu wake, maana hapa Dodoma mimi huagiza kutoka Dar na kusubiri kifurushi kwa siku kadhaa. Kosa lilikuwa limeshafanyika steshenari, na hakuna aliyenidanganya. Mimi ndiye sikuuliza. Picha yangu ilitoka kwenye printa ya wino.

Wino wa printa nyingi za aina hiyo ni maji yenye rangi ambayo karatasi imeyanyonya. Ukiulowesha unatawanyika. Mashine ya leza na ya fotokopi hutumia tona, na tona ni unga laini sana wa plastiki wenye rangi. Mashine huuyeyusha kwa joto ukagandia juu ya karatasi, ndiyo maana nakala mpya ya fotokopi ukiishika ni ya moto. Na udongo wa polima, licha ya jina lake, hauna undugu na udongo wa vyungu. Ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na kilainishi ili ukandike. Kilainishi hicho ndicho kinachofanya kazi yote: kinaipenya tona, kinailegeza, nayo inashika udongo. Spiriti inaongeza kasi tu.

Kwa hiyo usifike kaunta ukasema "naomba kuprinti". Sema, "Kaka, naomba itoke kwenye mashine ya tona." Steshenari nyingi ndogo ninazozijua huku huwa na printa ya wino kwa ajili ya rangi na fotokopi kwa ajili ya nyeusi. Ukikuta hali hiyo, printi picha kwa wino, kisha itolee fotokopi ile ile picha. Umepata nakala ya tona. Ukiwa na shaka, lowesha kidole na usugue pembeni mwa picha: ikichafuka, ni wino. Karatasi iwe ya kawaida, ile nyembamba ya A4. Ngumu na za kung'aa zinasumbua kutoa. Mwambie pia aongeze weusi kidogo, kwa sababu picha hupungua nguvu ikishahama.

Kuna wanaotumia karatasi za kuhamishia picha kwenye fulana, ambazo zipo za printa ya wino. Zinafanya kazi, lakini zinaacha utando juu kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Mimi sizipendi.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana: hakuna nyeupe. Mashine hizi za mtaani hazina tona nyeupe. Sehemu nyeupe ya picha ni karatasi tupu, na ukishaitoa, rangi ya udongo ndiyo itakayoonekana. Nilijifunza hili nilipotaka kutengeneza hereni zenye michoro ya miambani ya Kondoa, ile ya Kolo na vilima vya jirani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ile myekundu, watu wembamba waliorefushwa na wanyama wao, ilihama vizuri kutoka leza ya rangi hadi nikajisifu. Iliyochorwa kwa rangi nyeupe ilipotea kabisa. Ndiyo maana siku hizi nachagua picha zenye mistari mieusi au myekundu iliyokolea, na udongo mweupe au wa rangi hafifu sana. Ukiweka picha kwenye udongo wa bluu, uso wa mtu utakuwa wa bluu.

Sasa kazi yenyewe. Kanda udongo mpaka uwe laini bila nyufa, usukume kwa chupa ya glasi ufikie unene wa milimita 3 hivi, halafu ubandike juu ya kigae kilaini na usiubandue tena mpaka umalize kuoka. Ukiubandua unavutika, na picha inavutika nao. Laza karatasi, upande wenye picha uguse udongo, na usugue kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kila kipovu ni tundu kwenye picha. Acha dakika 20. Kisha paka spiriti kwa pamba mpaka karatasi ianze kuonyesha picha kwa nyuma, sugua tena kwa kijiko, acha ikauke, rudia mara mbili au tatu. Jiko la mkaa liwe mbali. Spiriti inashika moto haraka.

Hapo ndipo hali ya hewa yetu inapoingia. Upepo wa hapa ni mkavu. Ukipaka spiriti saa saba mchana dirisha likiwa wazi, inaruka kabla haijapenya. Mimi hufanya kazi hii asubuhi, na nikishapaka nafunika na kipande cha mfuko wa plastiki. Vumbi ni adui mwingine: udongo mweupe unalivuta kama unaokota, basi nafuta meza na mikono kwa vitambaa vyenye unyevu vya watoto, na sivai sweta la sufu. Mwezi wa kumi, joto likipanda, udongo unalegea na kunata. Uweke kwenye friji dakika 10. Kifurushi kilichokaa sana kwenye buti la basi la moto nacho kinaweza kufika kimeanza kukomaa, kinamomonyoka ukikikanda. Hicho hakifai kwa picha.

Kutoa karatasi ndiko kunakohitaji subira. Lowesha mgongo wa karatasi, subiri ilainike, kisha zungusha ncha ya kidole taratibu. Karatasi itajiviringisha kama uchafu wa ngozi unaposugua mwili. Usitumie kucha. Kwa ukavu wa hapa inakauka ukiwa katikati ya kazi, nayo ikikauka inang'oa tona, kwa hiyo ongeza maji kila mara. Utadhani umemaliza, picha imetokeza safi. Iache ikauke, utaona ukungu mweupe: hizo ni nyuzi zilizobaki. Lowesha, rudia. Ukungu mdogo wa mwisho hufichwa na vanishi, kwa hiyo usitafute ukamilifu mpaka ukakwangua jicho la mtu. Ndipo ukate umbo, ukiwa bado juu ya kigae.

Kwenye kuoka, fuata pakiti, maana kila chapa ya udongo ina joto lake: Fimo huandika nyuzi 110 za Selsiasi, Sculpey Premo 130, kwa dakika 30. Kitasa cha oveni ndogo ya mezani usikiamini. Changu kikiwa kwenye 120, kipimajoto nilichoweka ndani kilisoma 150. Funika kazi kwa foili isibadilike rangi. Udongo huu ukiungua unatoa gesi inayowasha macho na koo, zima, fungua madirisha, toka nje. Nimeulizwa mara nyingi kuhusu jiko la mkaa. Hapana. Na chupa, kisu au sinia uliyoitumia kwa udongo isirudi jikoni.

Bibi nilimrudia baadaye, kwa nakala ya fotokopi. Alihama wote, kigoda, mikunjo ya paji la uso, mpaka kivuli cha paa la nyumba. Nikaoka, nikapaka vanishi, nikatia uzi mweusi, nikampelekea Mvumi Jumamosi. Akakishika karibu na macho, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii kanga mbona umenivalisha bega la kulia?"

Picha ikilazwa kifudifudi hugeuka, kushoto kukawa kulia. Ilitakiwa niigeuze kwanza kwenye simu, kama inavyoonekana kwenye kioo, ndipo niiprinti. Maandishi ya kanga nayo yalikuwa yanasomeka kinyumenyume. Nikamwambia nitamtengenezea kingine. Alikataa kunirudishia kile, akakivaa na kwenda nacho kwa jirani.