Jibu: Kuonyesha filamu za Jumamosi maktabani

Dada, umeuliza kama maktaba yenu ya Mbale inaweza kuwaonyesha watoto filamu kila Jumamosi, kwa kuwa DVD mlinunua dukani na hakuna kiingilio. Kwa burudani tu, hapana, mpaka mpate kibali. Mlichonunua ni DVD, si haki ya kuionyesha hadharani. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mwenye filamu haki ya kuamua nani aionyeshe kwa umma, na kutotoza watu hela hakuifuti haki hiyo. Akaunti ya Netflix nayo, kwa kawaida, ni ya matumizi ya nyumbani.

Lakini msikate tamaa! Sheria hiyohiyo inaruhusu matumizi ya haki, yaani kutumia kwa kiasi kinachofaa bila kibali, kwa kufundishia na kwa elimu ya umma, mradi muitaje filamu na mwenye kuitunga. Filamu ya afya inayofuatiwa na somo ni jambo moja; katuni za kupitishia mchana ni jambo lingine kabisa, usizichanganye.

Kwa filamu za hapa kwetu, mwandikieni mtayarishaji moja kwa moja. Mwelezeni mtaonyesha mara ngapi, kwa watu wangapi, na kwamba ni bure, kisha mwombeni jibu la maandishi mlihifadhi kwenye faili. Za nje, mtafuteni msambazaji. Zilizotafsiriwa na maveejay wa vibandani, wale wanaosimulia filamu kwa sauti yao juu ya sauti ya asili, ziacheni kwanza: sauti ya veejay haiwapi ruhusa ya mwenye filamu.