Laptopu mpya, Windows ya zamani, na hakuna kreki hapo

Kabla Microsoft hawajaiacha Windows 10, dogo mmoja kanitumia meseji: "Bro shikamoo, nimenunua laptopu mpya ina Windows 11, programu yangu ya kazi inataka 10, fundi anasema hapo ni kupiga ya kreki tu, elfu thelathini." Kreki, yaani Windows ya wizi iliyovunjwa leseni. Nimecheka, halafu nikakasirika, maana kuna watu wanatuuzia kitu ambacho tumeshakilipia dukani.

Ilikuwa hivi. Kompyuta ikitoka kiwandani na Windows 11 Pro, masharti ya leseni yenyewe yalikuwa yanakuruhusu utumie Windows 10 Pro badala yake, na huongezi hata mia. Lakini iwe Pro, toleo la kazi. Ikiwa Home, toleo la nyumbani, haki hiyo haikuwepo, hata ulie. Na inadumu muda ule tu ambao Microsoft bado wanalisapoti hilo toleo la nyuma, na kwa 10 mwisho ulikuwa 14 Oktoba 2025, kwa hiyo haya ninayosimulia ni ya kabla ya hapo, msije mkasema sikuwaambia. Wale wa Windows 7 ndio msahau kabisa, ile walishaiacha tangu Januari 2020.

Mimi nina steshenari, na fotokopi hainilishi, kinachonilisha ni mashine ya kukata stika. Majina ya bodaboda, maneno ya vioo vya nyuma vya daladala, na Novemba 2024 kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa ndio usiseme. Programu ya ile mashine nimeinunua kihalali, ina kile kidude chake cha USB cha leseni, na waliotengeneza wameandika wazi kwamba mwisho wao ni Windows 10. Sasa kompyuta ya zamani ikakata moto katikati ya msimu. Nikaazima ya jamaa yenye 11, nikachomeka, taa ya kidude inawaka vizuri tu lakini programu inasema haikioni, na wateja wamekaa kwenye benchi wananiangalia.

Na kwenye fundi wa kreki sikutaka kurudi. Kuna mmoja aliwahi kunipigia Windows akaniapia kwa Mungu ni jenuini, akazima antivairasi akasema "hii inasumbua tu". Kreki nyingi za hawa jamaa zinaidanganya kompyuta ijione iko kwenye ofisi kubwa yenye seva ya leseni, na uaktiveti wa namna hiyo una siku 180, usipojihuisha ndio unaona yale maandishi yamefifia kona ya chini kulia yanakwambia uaktiveti Windows. Yangu yalitokea mbele ya mteja aliyekuja na oda ya stika za magari yote ya kampuni yake. Kayasoma, kaniuliza "kumbe hata wewe unatumia vya wizi?", kabeba sampuli zake kaondoka. Mpaka leo nikipishana na yale magari roho inaniuma.

Kwa hiyo kununua mpya nikaingia dukani na neno moja mdomoni, Pro. Muuzaji ananiambia "bosi Home na Pro ni kitu kile kile", nikamwambia iwashe nione. Usikubali stika ya kwenye boksi, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, mwisho kabisa kwenye habari za kompyuta, soma mwenyewe. Nikaongeza hela nikachukua ya Pro.

Kupiga yenyewe sio kazi. Chukua Windows 10 kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe, bure, fleshi iwe ya GB 8 kwenda juu. Kabla hujagusa kitu hamisha mafaili yako, na ile kii ndefu ya BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, iandike pembeni, kompyuta nyingi mpya zinajifunga zenyewe bila kukuuliza.

Mimi kilichonitoa jasho ni diski. Nimefika pale pa kuchagua diski ya kuweka Windows, orodha nyeupe, hakuna kitu, kama vile laptopu haina diski kabisa. Jamaa yangu kashaanza "si nilikwambia". Kumbe kompyuta nyingi za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea diski inapitia kitu kinaitwa VMD, na fleshi ya Windows 10 haina draiva yake, yaani programu ndogo ya kuitambua. Unaidaunlodi kwa waliotengeneza laptopu, unaweka kwenye fleshi, unairuhusu isome hapo hapo, diski hiyo imetokea. Baada ya hapo waifai nayo ikagoma, nikachomeka simu kwa waya nikairushia neti, draiva zikashuka, na Windows ikajiaktiveti yenyewe kwa kii iliyokuja na mashine. Hakuna fundi aliyekula hela yangu hapo. Ingekataa kujiaktiveti, ilikuwa ni kuwatafuta Microsoft uwaeleze una Pro na unarudi nyuma, sio kwenda kununua kii kwa mtu WhatsApp.

Jamani tujifunze kusoma tulichonunua. Unalipia mashine ya milioni na ushee halafu unamuachia mtu wa elfu thelathini akuzimie ulinzi wote, kesho namba ya siri ya benki imeenda unalia unasema mtandao mbaya. Soma leseni.

Sasa yule dogo, picha aliyonitumia ilisoma Home. Nikamwambia arudi dukani siku ile ile kama wanabadilisha, aongeze hela achukue ya Pro. Wakikataa, angeweza kununua kupanda kwenda Pro ndani ya duka la Microsoft la mtandaoni, bei ya Marekani ilikuwa kama dola 99, ila ile haki ya kurudi 10 waliiandikia Pro iliyokuja na mashine, kwa hiyo awaulize kwanza kabla hajalipa. Na awaandikie wenye programu yake awaulize toleo la kukaa kwenye Windows 11 linatoka lini, mimi wangu nilishawaandikia. Wakilitoa narudi 11 bila kulipa tena, kii bado iko kwenye mashine.