Jibu kwa anayekariri visawe vya Kiingereza kabla ya usaili

Kiweke kando hicho kitini, mdogo wangu wa Lindi, na barua yako ya maombi ya kazi usiitume kwanza. Umeeleza kwamba unakariri visawe kwa safu, kila neno jepesi likifuatana na wenzake "wa kisomi", na umeuliza mizizi ya maneno itangulie ya Kilatini au ya Kigiriki, programu ipi ya simu inafaa, na maneno mangapi yanatosha kwa siku. Mimi nimekwama kwenye sentensi uliyotutolea mfano, ambamo umeliondoa "well-known", yaani anayejulikana sana, na kujitambulisha kwa mwajiri kuwa mhasibu "notorious". Neno hilo husemwa juu ya aliyejulikana kwa ubaya, na mhasibu anayejiita hivyo amejishtaki kabla hajaulizwa lolote.

Safu kama hizo zilikinyang'anya kikundi chetu cha wabanguaji wa korosho hapa Newala mnunuzi wa kwanza wa nje ya nchi tuliyewahi kumpata. Nilikuwa katibu, na kazi ya kumwandikia ilikuwa yangu. Nilitaka kumweleza kwamba tumewashawishi wakulima wanaotuuzia korosho ghafi wazianike vizuri juani kabla ya kuzileta, kwa sababu korosho yenye unyevu huota ukungu ikikaa ghalani. Kitini nilichopewa kilipanga "persuade, convince, induce, coerce" katika mstari mmoja, na mwalimu wetu wa kozi ya jioni alikuwa ametufundisha kwamba kadiri unavyokwenda kulia ndivyo unavyopanda daraja la usomi. Nikachukua la mwisho. Kumbe "coerce" ni kumlazimisha mtu kwa nguvu au kwa vitisho, na mnunuzi yule alikuwa na wateja ambao jambo la kwanza wanalotaka kuhakikishiwa ni kwamba hakuna anayefanyishwa kazi kwa shuruti. Aliuliza papo hapo tunawalazimisha wakulima kwa njia gani. Maelezo niliyompelekea yaliongeza mashaka, kwa kuwa nayo yalitoka katika kitini kilekile, na hatimaye akanyamaza. Korosho zilizokwisha kubanguliwa na kumenywa ziliishia kwa wachuuzi kwa bei ya kutupa, na akina mama walioacha shughuli nyingine kwa ajili ya kazi ile hawakupata walichoahidiwa.

Mwalimu yule bado namlaumu. Alipokea ada za watu waliojinyima, akawapa orodha isiyo na sentensi hata moja, na akawaambia kwamba kisawe ni neno lenye maana ileile. Angekisikiliza Kiswahili chake mwenyewe asingesema hivyo, maana sisi sote husema mtu amefariki, lakini hakuna atakayetangaza kwamba mbuzi wake amefariki. Hata Peter Mark Roget, daktari Mwingereza aliyechapisha mwaka 1852 kitabu mashuhuri cha visawe, aliyapanga maneno kwa dhana bila kuyafafanua. Kitabu cha namna hiyo humfaa anayeyajua maneno tayari na anatafuta lile lililomponyoka, wala hakimfundishi asiyeyajua.

Kiingereza kina visawe vingi kwa sababu za kihistoria. Baada ya Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala, na wasomi waliendelea kuchota kutoka Kilatini. Ndiyo maana lipo "ask" la wenyeji, "question" lililoingia kwa Kifaransa, na "interrogate" la Kilatini. Yote ni kuuliza, ila la tatu ni la polisi na mtuhumiwa. Ukimwandikia meneja kwamba ungependa kumfanyia "interrogate" kuhusu mshahara, atashtuka.

Mizizi nayo ina faida, sikatai. Ukijua kwamba "spect" ni kutazama, utalikisia "inspect" (kukagua) na "spectator" (mtazamaji) bila kamusi. Lakini "ven" ni kuja, na hebu tazama "prevent", "invent" na "intervene" yalivyotawanyika: kuzuia, kubuni, kuingilia kati. Na kwa anayetafuta kazi katika mikoa hii ya gesi, "in" iliyo mwanzoni mwa "inflammable" si ya kukanusha. Kitu chenye maandishi hayo hushika moto upesi, na aliyekariri kwamba "in" ni "si" anaweza kuwasha sigara kando yake.

Kwa hiyo nakusihi ushike kanuni hii moja: usiliandike neno jipya katika barua kabla hujalikuta katika sentensi tatu za waandishi watatu tofauti. Kila sentensi inakili nzima daftarini, kisha andika pembeni ni nani anayetenda, anamtenda nani, na kama anasifiwa au analaumiwa. Neno ambalo halijatimiza sentensi tatu libaki daftarini, na kwenye barua utumie lile jepesi unalolijua.

Mimi nilipokuja kulifanyia hivyo "induce", nilimkuta daktari anayemwanzishia mama mjamzito uchungu kwa dawa, kidonge kinacholeta usingizi, na mtu aliyevutwa kwa fedha avunje mkataba. Kwa wakulima wetu hata hilo lisingefaa. Lililostahili lilikuwa "persuade", lile la kwanza kabisa kushoto.