Usilipe siku ya kupimwa: mimi nililipa 48,000 za chama

Usitume hiyo pesa. Hata hiyo elfu kumi ya "kushika nafasi" usitume. Nimesoma swali lako nikiwa dukani, nikamwacha mteja wa maharagwe amesimama, kwa sababu ulichoandika ndicho nilichofanyiwa mimi hapa Nakuru mwaka wa 2022. Mama yako amevimba miguu, amepimwa bure kwenye hema nje ya kanisa huko Mumias, ameshikishwa chuma mkononi, kompyuta ikatoa karatasi, akaambiwa figo zimebaki asilimia 35 na mwili umejaa sumu. Sasa mmeitwa ofisini kwao Kisumu, dozi ni 85,000, ofa inaisha Ijumaa. Wewe unauliza kama uchukue mkopo wa Sacco, kama bima ya afya ya serikali, SHA, itasaidia, na kama dawa ya unga inashinda ya kapsuli.

Mwanangu, huo mkopo usiuguse. Kaa nikueleze.

Mzee wangu, yaani mume wangu, ana ugonjwa wa sukari tangu 2015. Alikuwa anahudhuria kliniki ya sukari pale PGH, hospitali kuu ya hapa Nakuru, anameza metformini, tembe za kushusha sukari, asubuhi na jioni, na akipimwa kabla ya chai sukari inacheza kati ya 7 na 9. Si nzuri sana, lakini alikuwa analima, anapanda baiskeli, anachunga ng'ombe wake wawili kule Njoro. Kilichomsumbua ni miguu kumchoma usiku, kama aliyekanyaga makaa. Baadaye nilikuja kuambiwa kliniki kwamba ni mishipa ya fahamu inayoharibiwa na sukari, na kuna dawa ya kupunguza huo moto. Wakati ule hatukuwa tumeuliza. Tuliona hospitali inatupa tembe zilezile kila mwezi, na tukiwa jikoni tukasikia kwenye redio mtu akisema kuna mashine inayopima mwili mzima kwa dakika moja, 500 badala ya 3,000, wiki hii tu.

Tukaenda. Ghorofa ya tatu, karibu na steji. Tulikaa kwenye viti vya plastiki zaidi ya saa mbili, mbele yetu televisheni inaonyesha watu waliopona saratani, waliopona presha, waliopata watoto. Hakuna chai, hakuna maji. Kijana mwenye koti jeupe akaandika kwenye kompyuta umri wa mzee, urefu na uzito, kisha akampa kichuma ashike. Hakumtoa damu hata tone. Printa ikatema karatasi nyingi zenye rangi nyekundu, tukapelekwa chumba kingine kwa mtu waliyemwita daktari.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza mapema ni hiki: wale watu hawazungumzi na mgonjwa. Wanazungumza na mwenye pesa, mgonjwa akiwa anasikiliza. Yule mtu alizisoma zile karatasi polepole, kisha akaniangalia mimi. "Mama, figo za mzee zimebaki asilimia 30. Wewe ndiwe utakayeamua kama ataiona Krismasi." Mume wangu ameketi pale kando yangu, kofia iko magotini, ananitazama. Sasa wewe niambie, mke anasema nini hapo? Ukisema pesa ni nyingi, umemwambia mwenzako mbele ya mgeni kwamba thamani yake haifiki kiasi hicho. Hapo ndipo wanapokushika.

Bei ilianza 96,000. Nikanyamaza. Akapiga simu kwa mtu aliyemwita bosi, akaniombea kwa sauti ya huruma, akarudi na 48,000, mradi nilipe kabla ya saa kumi. Nilisema tunarudi nyumbani tuongee na watoto. Nakuapia nilisema hivyo, na hakubisha. Alitusindikiza hadi mlangoni. Tulikuwa tayari tuko kwenye ngazi, tumeshuka ghorofa moja nzima, msichana wa mapokezi akatukimbilia: "Mama, mmesahau karatasi zenu." Tukarudi kuzichukua.

Kurudi huko kwa kufuata karatasi ndiko kulikonimaliza. Kosa kubwa kuliko yote niliyofanya ni hizo ngazi nilizopanda mara ya pili. Karatasi hazikuwa mapokezini, zilikuwa kwa "daktari". Tukaketishwa tena. Safari hii hakuongea habari ya figo. Aliuliza, "Kwa simu kuna ngapi?" Nikasema iliyopo si yangu, ni ya chama, mimi ni mweka hazina, na Jumamosi ni zamu ya mwenzetu kupokea. Akanijibu kwa upole kabisa: "Hao wanachama watakuchangia wakati wa matanga. Si afadhali wakuchangie sasa akiwa hai?"

Nikaweka namba ya siri. Elfu arobaini na nane za wanawake kumi na wanne, wauza mboga, mafundi cherehani, mmoja anafua nguo za watu. Sikuwa nimelewa wala kulogwa. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na mume wangu ananiangalia. Hilo neno la matanga bado linaniamsha usiku. Yule mtu alijua analosema, alijua tunavyozikana huku kwetu, na alilitumia kama funguo ya kabati.

Utasema pesa hutafutwa. Kweli, lakini sikiliza kilichofuata, kwa sababu ndiyo sababu hasa ya kukuandikia. Pesa ikishatoka, akili yako inaifuata. Mtu aliyelipa 48,000 hawezi tena kuitazama dawa kwa macho ya kawaida, anaitafutia uzuri. Tuliambiwa metformini "inagongana" na unga wao, na mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikazifunga zile tembe kwenye karatasi ya nailoni nikaziweka juu ya kabati. Kama wangeniambia hivyo kabla sijalipa, ningeenda kumuuliza nesi wa kliniki. Nilikuwa nimeshalipa, kwa hivyo nikatii. Wiki ya kwanza mzee akasema miguu imepoa kidogo. Nikamshukuru Mungu, nikawasimulia watu wawili sokoni. Mmoja wao naye akaenda. Huyo bado sijui nitamwomba radhi vipi.

Walikuwa wanapiga simu kila jioni. "Mama, mzee amekunywa?" Mwezi wa nane tukarudi kupimwa. Figo zimepanda hadi asilimia 60, hongera, lakini sasa mashine imeona ini na mishipa ya moyo. Nyongeza, 26,000. Nikalipa, nikatoa pesa ya kununulia mahindi. Ningekataa vipi? Kukataa ilikuwa ni kukubali kwamba zile 48,000 zimezama. Na angalia ujanja wake: ulichotibiwa kimepona, ugonjwa mpya umezaliwa. Mashine hiyo haimpati mtu asiye na ugonjwa hata siku moja.

Kijana wetu alipofika nyumbani kutoka chuo alizipitia zile karatasi za mara ya pili, akanionyesha ukurasa mmoja. Ulikuwa unaeleza hali ya mfuko wa uzazi na ovari za baba yake. Yule wa koti jeupe alikuwa ameacha kompyuta kwenye "mwanamke". Mashine ilikuwa inasoma kile ilichoandikiwa, mkono wa mzee haukuwa na habari yoyote. Na unajua nilifanya nini? Niligombana na mtoto. Nilimwambia ni kosa la kuandika tu, dawa inafanya kazi. Ndivyo pesa uliyokwisha kutoa inavyokufunga macho.

Mwezi wa tisa mzee akaanza kukojoa usiku kucha na kunywa maji jagi kwa jagi. Gambuti ikamchubua kidole cha mguu, hakusikia maumivu, kidonda kikanuka. Asubuhi moja aliniita kwa jina la marehemu dada yake. Tulifika PGH sukari iko 29.4. Alilazwa siku kumi na moja, akawekewa maji na insulini, na kidole kikakatwa. Maji yalipomrudia mwilini wakapima kreatinini kwenye damu, kipimo kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Figo zake zilikuwa sawa. Zile asilimia 30 hazikuwahi kuwepo mahali popote isipokuwa kwenye ile printa.

Nilipanda tena zile ngazi kudai pesa. Nikaonyeshwa risiti yangu mwenyewe: imeandikwa "virutubisho", hakuna neno dawa, na chini kwa herufi ndogo kwamba mkebe uliofunguliwa haurudishwi. Nikatazama ukutani kile cheti chenye fremu kilichonitia imani siku ya kwanza. Kilikuwa kibali cha biashara cha kaunti, kama kile nilichobandika dukani kwangu, cha kuuza nafaka! Kufika Januari ile ofisi ilikuwa imehama. Chama nilikilipa kwa kuuza mtamba ambao mzee alikuwa ameulea kwa miaka miwili. Wenzangu walinisamehe, uweka hazina wakampa mwingine, na walikuwa na haki.

Na huyo mtangazaji aliyewakaribisha redioni kila Jumanne asubuhi, akiwaita "madaktari wetu", anajua nini kuhusu figo? Na viongozi wa kanisa wanaoruhusu hema likajengwa uwanjani kwao baada ya ibada, wamewahi kuuliza hao watu wamesajiliwa na nani? Mama zetu hawaamini ile mashine, wanaiamini sauti wanayoijua na uwanja waliozoea kusali. Anayekodisha imani hiyo kwa wauzaji ana sehemu yake katika kile kidole cha mume wangu, na nitalisema hili popote.

Sina ugomvi na mitishamba. Nyanya yangu alitutibu kwa muarobaini, na Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba asilia na tiba mbadala. Ninachopinga ni mtu kukupima na kukuuzia kwa pumzi moja na kukukataza kulala kabla ya kulipa. Ndiyo kanuni yangu moja, na ningetaka uiandike kwenye karatasi umpe mama akae nayo kwenye mkoba: siku ya kupimwa si siku ya kulipa. Hata shilingi mia. Hata kama ofa inaisha saa hiyo hiyo. Sema, "Nimesikia, nitarudi kesho," na ukishatoka, usirudi kuchukua chochote, si karatasi, si mwavuli. Dawa ambayo haiwezi kungoja ulale usiku mmoja nyumbani kwako si yako. Mgonjwa ambaye kweli hawezi kungoja usiku mmoja anapelekwa hospitali kwa gari, hapelekwi kwenye till.

Na mama asingoje, kwa sababu miguu kuvimba ni jambo la kweli hata kama karatasi ni ya uongo. Inaweza kuwa moyo, presha, figo au kitu kingine, na hakuna chuma cha kushika mkononi kinachojua. Mpeleke hospitali ya kaunti Kakamega, au yoyote iliyo karibu yenye maabara. Apimwe presha, sukari, kreatinini kwenye damu, na protini kwenye mkojo. Mimi juzi nilimpima mzee wastani wa sukari ya miezi mitatu na kreatinini kwenye maabara binafsi hapa mjini, vyote viwili havikufika elfu tatu. Linganisha na 85,000. Beba dawa zote anazomeza, pamoja na zile za maumivu ya magoti anazonunua kwenye chemisti, maana diklofenaki ya kila siku inaweza kuumiza figo. Kama tayari ameanza kulamba unga wao, beba na mkebe, umwambie daktari bila aibu. Kama figo zake ni dhaifu kweli, huo unga usiojulikana una nini ndani utapitia figo hizo hizo. Na dawa yoyote aliyoandikiwa hospitalini asiiache kwa neno la mtu wa hema.

Ukitaka kujua kama hao wa Kisumu ni kituo cha afya, ingia kwenye tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na vituo vya afya, utafute jina lao, na jina la huyo wanayemwita daktari pia. Fanya hivyo ukiwa nyumbani.

Ijumaa watapiga simu. Watampigia mama, hawatakupigia wewe, na watampigia jioni akiwa peke yake. Watasema bosi ameongeza siku moja kwa ajili yake tu. Kwa hivyo mwombe simu yake, mwambie kwa heshima kwamba utakaa nayo mpaka Jumapili, na kama ana pesa kwenye M-Pesa azihamishie kwako au kwa dada yako. Majibu ya kreatinini yakitoka, yaandike hapa hapa. Ninangoja.