Panga Taka Kuanzia Kitandani

Mzee mwenye kisukari anayedungwa insulini asubuhi na jioni huacha sindano 14 kwa wiki. Wakiwa kumi, hizo ni 140, na bado hujahesabu za kupimia sukari. Nimeuguza katika nyumba za wazee hapa Nairobi, na wenye nyumba hizo wakiniuliza waanzie wapi kupanga taka, huwaambia: kitandani kwa mgonjwa, stoo ya taka ifuate.

Ukishadunga, usirudishe kifuniko. Tia sindano papo hapo kwenye boksi la manjano lisilotoboka, na boksi liwe karibu nawe, lisiwe mwisho wa ukumbi. Likifika robo tatu, lifunge. Usilishindilie.

Katika nyumba moja boksi liliachwa mpaka likafurika, sindano zikaanza kutupwa kwenye mfuko wa taka za jikoni. Mama wa usafi akaubeba, ukamgusa paja, akachomwa. Alitaka kuosha tu aendelee na kazi. Tulimsihi aende kituo cha afya saa ile ile, maana dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kuwahi ndiyo nafuu. Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Tafadhali, wachanjeni wafanyakazi wa usafi pia, si wauguzi peke yao.

Mfuko mweusi ni wa taka za kawaida. Wa manjano ni wa bandeji na glavu zenye damu, pamoja na nepi za mzee anayeharisha kwa maambukizi. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida. Ukizichanganya, zote zinakuwa hatari, nawe utalipia kilo zote zikachomwe.

Stoo yenyewe iwe na kufuli, paa na sakafu ya saruji, mbali na jikoni, panya wasipenye. Wakati wa joto taka za maambukizi zisizidi saa 24 humo; msimu wa baridi, saa 48. Mwenye gari la kubeba taka akuonyeshe leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kabla hujampa chochote, na kila mzigo akuachie karatasi iliyotiwa sahihi. Asiye na leseni atakutoza kidogo, lakini anaweza kuzimwaga kwenye jalala la Dandora, ambako watu huchambua taka kwa mikono mitupu.

Dawa za mzee aliyefariki nazo zisikae kwenye droo wala kumwagwa chooni. Mpigie mfamasia wiki hiyo hiyo mkubaliane zitakavyoteketezwa.